Jinsi ya kuchagua fimbo nyepesi ya kuvulia samaki kwa bei nafuu

UVUVI wa kutumia fimbo na chambo bandia kidogo ni burudani isiyohitaji mtaji mkubwa. Hata hivyo, wengi huupata ghali kwa sababu ya kosa moja: hununua fimbo kwa kuvutiwa na rangi yake au na jina lililoandikwa ubavuni, kisha wakifika majini hugundua kwamba chambo hakifiki hata mita kumi kutoka waliposimama.

Kwa mkazi wa Magadi, Kajiado au Kitengela, kosa hilo lina uzito zaidi. Maji yanayofaa kwa uvuvi wa aina hiyo hayapo karibu na nyumbani, na safari ya kwenda Naivasha au nyanda za juu za kati huhitaji nauli na siku nzima. Fimbo isiyofaa huteketeza yote mawili.

Magadi si mahali pa ndoana

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba Ziwa Magadi lenyewe si pa kuvulia, ingawa lina samaki. Sehemu kubwa ya ziwa hilo imefunikwa na tabaka gumu la magadi, ambayo imekuwa ikichimbwa kibiashara tangu kampuni ya Magadi Soda ilipoanzishwa mwaka 1911. Pembezoni mwa ziwa, chemchemi za maji moto huunda vidimbwi, na humo ndimo anamoishi samaki mdogo wa jamii ya tilapia ambaye wanasayansi humwita Alcolapia grahami. Alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1912.

Samaki huyo huishi katika maji ambayo yangewaua samaki wengine kwa muda mfupi. Katika baadhi ya vidimbwi, joto hukaribia nyuzi 42 za Selsiasi, na ukali wa magadi hufikia kiwango cha 10 katika kipimo cha pH. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kwa njia ya amonia kupitia mashavu, lakini amonia haitoki kwa urahisi katika maji makali kiasi hicho. Mwaka 1989, watafiti walieleza kwamba samaki wa Magadi huibadilisha amonia hiyo kuwa urea na kuitoa kwa njia hiyo.

Samaki huyu ni mdogo mno. Wengi wao hawazidi urefu wa kidole cha mtu mzima, na chakula chao kikuu ni mimea midogo ya majini inayofanana na ukungu wa kijani, wala hawafukuzi windo. Hivyo basi chambo bandia hakimshughulishi. Isitoshe, makao yake ni machache na amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe wanaokabiliwa na hatari ya kutoweka. Kumvua kwa mzaha, au kumbeba akiwa hai ili awe chambo katika maji mengine, ni kumpunguza mahali ambapo hana kwingine pa kukimbilia.

Kwa sababu hizo, anayeishi Magadi na kutaka kuvua kwa fimbo anapaswa kuichagua akifikiria maji ya mbali, si vidimbwi vilivyo mlangoni pake.

Fimbo nyepesi ni ipi?

Wepesi unaozungumziwa hapa si uzito wa fimbo mkononi. Ni uwezo wake wa kupinda kwa mzigo mdogo. Fimbo inapopinda wakati wa kurusha huhifadhi nguvu, na inaponyooka huisukumia nguvu hiyo kwenye chambo. Chambo chepesi kikifungwa kwenye fimbo ngumu, fimbo haipindi, na chambo huanguka karibu. Chambo kizito kikifungwa kwenye fimbo laini mno, ncha huweza kuvunjika.

Ndiyo sababu maandishi yenye manufaa zaidi kwa mnunuzi ni yale madogo yaliyo juu kidogo ya kishikio. Hapo huonyeshwa urefu wa fimbo, uzito wa chambo inachoweza kurusha na nguvu ya mshipi unaoifaa.

Uzito wa chambo huandikwa kwa gramu au kwa aunsi. Aunsi moja ni takriban gramu 28. Kwa hiyo robo aunsi ni gramu 7, thumuni ya aunsi ni gramu 3.5, na sehemu moja ya kumi na sita ni chini kidogo ya gramu 2. Fimbo nyepesi ya kawaida huwa na kiwango cha kati ya gramu 2 na 10 hivi. Mnunuzi asichukue fimbo ambayo chambo anachokusudia kutumia kipo kwenye ukingo wa kiwango chake. Anayetaka kurusha gramu 4 au 5 atafute fimbo ambayo uzito huo upo katikati.

Nguvu ya mshipi nayo huandikwa kwa ratili au kilo. Kwa fimbo nyepesi, mshipi wa ratili 4 hadi 8, yaani takriban kilo 2 hadi 3.6, unatosha. Fimbo isiyo na maandishi hayo yote ni afadhali iachwe dukani, hata kama bei yake inavutia.

Rili ya juu au ya chini?

Kuna aina mbili kuu za fimbo za kurushia chambo. Ya kwanza hubeba rili juu ya kishikio, na mara nyingi huwa na kijino cha kushikilia kidole kama kifyatulio cha bunduki. Ya pili hubeba rili chini ya kishikio, na pete yake ya kwanza huwa pana.

Tofauti yake ni ya kimsingi. Katika rili ya juu, kibiringo chenye mshipi huzunguka wakati wa kurusha. Chambo ndicho kinachopaswa kukivuta kibiringo hicho ili kianze kuzunguka. Chambo chenye gramu 3 hakina nguvu ya kutosha kukizungusha kibiringo kizito cha rili ya kawaida, na hata kikizunguka, huendelea kwa kasi baada ya chambo kupunguza mwendo. Matokeo yake ni mshipi kujifunga mafundo kama kiota cha ndege.

Katika rili ya chini, kibiringo hakizunguki wakati wa kurusha. Mshipi hujifungua wenyewe duara baada ya duara, na kwa hiyo hata chambo chepesi husafiri bila taabu.

Ni kweli kwamba mafundi wa Japani wamebuni rili za juu zenye vibiringo vyepesi na vya kina kifupi kwa ajili ya vyambo vidogo. Zinafanya kazi vizuri, lakini huhitaji mazoezi, na zile za bei ya chini mara nyingi hukosa wepesi unaotakiwa. Kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo, kanuni ni hii: ikiwa vyambo vingi ni chini ya gramu 7, achukue fimbo ya rili ya chini. Ikiwa ni gramu 7 na zaidi, anaweza kuifikiria ya rili ya juu.

Zaidi ya hayo, fimbo ya aina moja isifungwe rili ya aina nyingine. Pete ndogo za fimbo ya rili ya juu husuguana na mshipi unaotoka kwa duara kubwa na kupunguza umbali wa kurusha.

Kaboni au faibaglasi?

Fimbo za kaboni ni nyepesi na hupeleka mtikisiko hadi mkononi, kiasi kwamba mvuvi huhisi samaki anapogusa chambo. Udhaifu wake ni kwamba hazivumilii kugongwa. Ufa mdogo usioonekana unaweza kuivunja siku samaki mkubwa atakaponasa.

Fimbo za faibaglasi ni nzito zaidi na hazina hisia kali, lakini huvumilia kuangushwa, kukanyagwa na kubebwa kwenye buti la matatu. Aina ya tatu huchanganya vitu hivyo viwili. Kwa anayeanza, na hasa anayesafiri kwa gari la umma, fimbo ya mchanganyiko au ya faibaglasi ni uamuzi wa busara.

Kuhusu urefu, futi 6 hadi 6 na nusu, yaani takriban mita 1.8 hadi 2, huwafaa wengi. Fimbo fupi hufaa penye vichaka, ilhali ndefu hurusha mbali zaidi. Fimbo ya vipande viwili hubebeka kwa urahisi. Zile zinazorefushwa kama eriali ya redio ni rahisi kubeba, lakini nyingi za bei ya chini huwa na ncha ngumu zisizopinda inavyostahili, na mchanga ukiingia kwenye maungio huharibika upesi.

Ukaguzi dukani

Mnunuzi asione haya kuikagua fimbo kabla ya kutoa fedha. Aiunganishe vipande vyake na kuitikisa. Maungio yasigonge wala kuzunguka. Atazame kutoka kwenye kishikio hadi kwenye ncha kwa jicho moja, ahakikishe kuwa pete zote zimepangika kwa mstari mmoja.

Apitishe kipande cha pamba ndani ya kila pete. Nyuzi zikinasa, pete hiyo ina ufa au mkwaruzo, na itaukata mshipi. Pete nyingi zaidi, kwa kawaida tano au zaidi pamoja na ya nchani, huugawa mzigo vizuri kwenye fimbo.

Akaze mahali pa kufungia rili huku rili ikiwa imewekwa. Ikitikisika dukani, itachomoka majini. Mwisho, mtu mwingine ashike ncha ya mshipi na kuuvuta polepole, ili fimbo ionekane inavyopinda. Fimbo nzuri hupinda kwa mviringo unaoanzia nchani na kuteremka taratibu, bila kuvunja kona mahali pamoja.

Katika kugawa bajeti, rili isipunjwe. Fimbo ya bei ya wastani yenye rili inayoachia mshipi kwa ulaini samaki anapokimbia ni bora kuliko fimbo ya fahari yenye rili inayokwama. Wenye uwezo mdogo pia wanaweza kutafuta fimbo iliyotumika, mradi ipite ukaguzi huo.

Mahali pa kuitumia

Ziwa Naivasha ndilo maarufu zaidi kwa uvuvi wa chambo bandia miongoni mwa maziwa yaliyo karibu na Nairobi. Samaki aina ya besi mwenye mdomo mpana aliletwa huko kutoka Marekani katika miaka ya 1920, na ndiye hasa anayeshambulia chambo kinachokwenda kama kisamaki kilichojeruhiwa. Samaki aina ya trauti, aliyeletwa nchini mwaka 1905, hupatikana katika mito baridi ya Aberdare na Mlima Kenya.

Mabwawa ya wafugaji wa samaki ni njia nyingine. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009 ulisababisha kuchimbwa kwa maelfu ya mabwawa nchini. Kambare hushambulia chambo bandia, lakini tilapia huvutiwa zaidi na nyungunyungu au donge la unga. Kwa vyovyote, idhini ya mwenye bwawa ni lazima.

Mvuvi wa burudani hutakiwa kuwa na leseni. Uvuvi nchini huongozwa na Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016, na ndani ya mbuga za taifa, idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huhitajika. Naivasha huwekewa vipindi vya marufuku ili samaki wazaane. Ni vyema kuuliza katika ofisi ya uvuvi kabla ya kufunga safari.

Usalama na utunzaji

Kaboni hupitisha umeme. Fimbo hiyo isiinuliwe karibu na nyaya za stima, na radi inapoanza kunguruma, ilazwe chini na mvuvi aondoke majini. Kule Naivasha, viboko wamewaua na kuwajeruhi watu, wakiwemo wavuvi. Hivyo basi, kusimama ukingoni alfajiri au jioni penye nyayo zao ni kujitia hatarini, na anayepanda mashua asikose jaketi la kuokolea maisha.

Kwa wanaoishi Magadi, adui mwingine wa fimbo ni vumbi la magadi. Vumbi hilo likichanganyika na unyevu hula alumini, ambayo hutumika katika sehemu nyingi za rili. Vifaa vihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa, vifutwe kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kisha vikaushwe. Fimbo isiachwe ndani ya gari lililofungwa wakati wa jua kali, kwani joto hulainisha gundi inayoshikilia pete ya nchani.

Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Vivyo hivyo, anayejua samaki anayemtafuta, uzito wa chambo chake na maji atakayokwenda kuvua, ndiye atakayetoka dukani na fimbo inayofaa, hata kama mfuko wake ni mwepesi.