Kiingilio, Mto na Umbali: Historia ya Mashabiki wa Mpira Kisangani

Historia ya mpira wa miguu mjini Kisangani haiandikiki vizuri kwa kufuata makombe, kwa kuwa orodha ya mabingwa wa Kongo tangu uhuru imetawaliwa na timu za Kinshasa na Lubumbashi. Inaandikika vizuri zaidi kwa kufuata fedha: kile ambacho shabiki hulipa mlangoni, mahali fedha hizo zinapokwenda, na sababu zinazozifanya zisitoshe. Mashabiki wa Nika, wa Malekesa na wa Makiso, timu tatu za mji huu ambazo majina yao yanajulikana zaidi nje ya mkoa wa Tshopo, hubishana juu ya mambo matatu, yaani bei ya tiketi, uchache au wingi wa watu uwanjani, na wachezaji wanaoondoka. Ubishi huo huonekana kama mabishano matatu yaliyoshikana kwa bahati tu, lakini ukichunguzwa kwa makini ni swali moja lililovaa nguo tofauti, nalo ni nani atabeba gharama ya umbali.

Umbali huo ndio uliouzaa mji wenyewe. Kituo ambacho Henry Morton Stanley alikianzisha mwaka 1883 kiliwekwa chini ya maporomoko yanayoitwa leo Boyoma, mahali ambapo meli zinazopanda Mto Kongo kutoka Kinshasa, mwendo wa kilomita 1,734, hulazimika kusimama, na ambapo reli ya kilomita 125 ilijengwa baadaye kuelekea Ubundu ili kuyakwepa maporomoko hayo. Stanleyville, kama ulivyoitwa hadi mwaka 1966, ukawa mji wa bohari, forodha na ofisi, wenye mtaa wa Wazungu uliotengwa na makazi ya Waafrika, ambayo serikali ya Wabelgiji iliyaweka chini ya utaratibu ulioitwa kwa Kifaransa centre extra-coutumier, maana yake eneo la Waafrika wa mjini wasiokuwa tena chini ya machifu na sheria za kimila.

Mpira katika Kongo ya Wabelgiji ulipitia zaidi mikononi mwa wamisionari na makampuni. Padri Raphaël de la Kethulle, aliyefariki mwaka 1956, ndiye aliyeupa mpira wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, sura yake ya kudumu. Huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, watawa wa Kibenedikto walianzisha mwaka 1939 timu ambayo leo ni TP Mazembe. Walezi hao waliuona mchezo kama shule ya nidhamu na njia ya kuwashughulisha vijana baada ya kazi, na kwa muda mrefu mashindano ya Wazungu na ya Waafrika yaliendeshwa mbalimbali. Ng'ambo ya mto kutoka Léopoldville, huko Brazzaville, Wafaransa walikwenda mbali zaidi: mwaka 1936 walitaka kuwazuia wachezaji Waafrika wasivae viatu, wakakuta kwamba wachezaji wengi waliona afadhali kuyaacha mashindano kuliko kuikubali amri hiyo.

Tatizo la walezi hao ni kwamba uwanja ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo maelfu ya Waafrika waliruhusiwa kukusanyika. Tarehe 16 Juni 1957, mechi kati ya timu ya Léopoldville na Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji iliishia kwa hasira dhidi ya mwamuzi na kwa magari ya Wazungu kupigwa mawe. Tarehe 4 Januari 1959, watu waliokuwa wakitoka kwenye mechi ya timu za Vita na Mikado walijiunga na umati wa wafuasi wa chama cha siasa cha ABAKO uliokuwa umenyimwa mkutano wake, na machafuko yaliyofuata yakauharakisha uhuru. Mambo hayo yalitokea Léopoldville, lakini Stanleyville nayo ilikuwa mji wa vyama. Patrice Lumumba, karani wa posta aliyeishi humo tangu katikati ya miaka ya 1940, alijifunza siasa kwa kuongoza vyama vya wasomi na vya wafanyakazi, vyenye ada, mikutano, wahasibu na ugomvi wa mahesabu. Klabu ya mpira ilikuwa ndugu wa vyama hivyo, na tabia ya mwanachama kudai kuonyeshwa fedha imekwenda wapi ina mizizi huko. Haishangazi kwamba uwanja mkuu wa Kisangani umepewa jina la Lumumba.

Miaka ya kwanza ya uhuru haikuupa mji huu nafasi ya kutulia. Waasi wa Simba waliuteka mwezi wa Agosti 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka tarehe 24 Novemba mwaka huohuo, na maasi mengine ya kijeshi yakafuata mwaka 1966 na 1967. Wakati huohuo mpira wa Kongo ulikuwa ukipanda juu kabisa: TP Englebert, kama Mazembe ilivyoitwa wakati huo, ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na 1968, timu ya taifa ikashinda Kombe la Afrika mwaka 1968 mjini Addis Ababa, na tena mwaka 1974 huko Misri, ambako Ndaye Mulamba alifunga mabao 9. Chini ya Rais Mobutu serikali ilijifanya mlezi mkuu wa mchezo, ikawarudisha nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji na kuwatuza mabingwa wa 1974 nyumba na magari, kisha ikawatupa baada ya kufungwa 9 kwa 0 na Yugoslavia katika Kombe la Dunia la mwaka huohuo. Ulezi huo ulielekezwa kwenye timu ya taifa, na timu ya taifa ilichotwa kwenye klabu za Kinshasa na za Katanga. Shabiki wa Kisangani aliupata utukufu huo kwa redio, bila tiketi, na mchezaji chipukizi wa Kisangani alijifunza kwamba anayetaka kuonekana lazima ahame.

Fedha za serikali zilipokauka, klabu zilirudi kwenye vyanzo viwili vilivyobaki, mlango wa uwanja na mfuko wa tajiri. Mlango ulikuwa dhaifu. Thamani ya sarafu iliporomoka kiasi kwamba mwaka 1993 zaire mpya 1 ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000, na miaka mitano baadaye faranga 1 ya Kongo ikabadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Katika hali hiyo kiingilio kilichopangwa mwanzoni mwa msimu kilikuwa karatasi tu kabla msimu haujaisha. Mfuko wa tajiri ulikuwa na nguvu zaidi, hasa katika mji ambao biashara ya almasi, iliyofunguliwa kwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilijaza mitaa ya katikati maduka ya wanunuzi wa mawe. Lakini klabu inayomtegemea tajiri humtumikia tajiri, na shabiki anayelipa kidogo hupoteza haki ya kuuliza.

Hapa ndipo bei ya tiketi inapohitaji kuelezwa kama inavyolipwa kweli. Viwanja vya Kongo hugawanywa kwa kawaida katika pourtour, yaani sehemu ya kuzunguka uwanja yenye bei ya chini, majukwaa ya pembeni, na jukwaa la heshima la viongozi na wenye uwezo, na ubishi wa hadhara huhusu bei zilizotangazwa za sehemu hizo. Lakini tarafa ya Lubunga iko ukingo wa kushoto wa mto, ambako hakuna daraja la kuvukia, na shabiki wa huko hulipia mtumbwi au kivuko kwenda na kurudi kabla hajafika mlangoni, kisha huenda akaongeza nauli ya toleka, baiskeli ya abiria iliyoushika usafiri wa Kisangani magari yalipoadimika. Kwake tangazo la bei ni sehemu tu ya bei, na mechi inayochelewa kuanza humtishia kuvuka maji gizani. Viongozi wanaolalamika kwamba watu wa Kisangani hawaipendi tena timu yao wangefaa kwanza kuhesabu kwa kipimo hicho.

Vita navyo viliingia katika hesabu hiyo. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuwa Kongo kwa vita vilivyoanza mwaka 1998, yalipigana mjini kwa siku sita, yakarusha makombora zaidi ya 6,000 na kuua mamia ya raia. Mto ulikuwa umefungwa kwa biashara tangu vita hivyo vianze, na mji ambao uhai wake ni meli ukageuka kisiwa. Hakuna hesabu ya mlangoni inayoweza kuelezwa bila kukumbuka kizazi kilichokulia katika miaka hiyo.

Amani iliporudi, umbali ulibaki. Ligi ya taifa, Linafoot, kwa misimu mingi ilichezwa kwa kugawanywa katika kanda, na Kisangani iliwekwa kanda ya mashariki pamoja na Dauphin Noir ya Goma, Muungano na Bukavu Dawa za Bukavu, na timu za Butembo na Kindu. Mgawo huo ulikusudiwa kupunguza safari, lakini kwenye ramani ya misitu isiyo na barabara ya uhakika neno mashariki halimaanishi karibu, na mara nyingi timu hulazimika kupanda ndege. Mapato ya pourtour ya alasiri moja hayawezi kuwasafirisha watu ishirini na zaidi kwa ndege. Mazembe ililivuka tatizo hilo kwa utajiri wa Moïse Katumbi, aliyeiongoza tangu 1997, na kwa uwanja wake wenyewe uliofunguliwa Kamalondo, mjini Lubumbashi, mwaka 2011. Klabu za Kisangani hazina uwanja wao wala mfadhili wa kiwango hicho.

Wapo wanaotazama Kenya, ambako raga imejenga hadhira inayolipa vizuri kwa mashindano ya Safari Sevens tangu 1996, wakaona mfano. Ulinganisho huo hausaidii sana: raga ya Nairobi ilirithiwa kutoka shule na vilabu vya Waingereza, ilhali Mbelgiji aliiachia Kongo mpira wa miguu, na mshindani wa kweli wa uwanja wa Lumumba ni kibanda cha televisheni kinachoonyesha ligi za Ulaya kwa ada ndogo, karibu na nyumbani.

Linabaki suala la wachezaji, ambalo mashabiki hulizungumza kwa uchungu zaidi. Tangu 2001 kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kijana anayetoka Kisangani kwa kawaida hupitia kwanza Lubumbashi au Kinshasa, uhamisho wa ndani ambao huiletea klabu ya kwanza fedha kidogo. Anapouzwa baadaye nje ya nchi, sehemu ya klabu hiyo hulipwa endapo tu kadi zake za usajili za utotoni zimehifadhiwa na jina la klabu limeandikwa katika kumbukumbu zake. Kwa hiyo faili la katibu wa klabu lililotunzwa vizuri linaweza kuingiza fedha nyingi kuliko msimu mzima wa viingilio, na mashabiki wanaodai bei ishushwe wana sababu ya kulidai faili hilo pia.