Mkono Unapoinuka

Mezani pangu pana kalamu mbili. Moja ni kipande cha mwanzi kilichochongwa kwa kisu, ncha yake imekatwa mshazari na kupasuliwa katikati ili wino ushuke taratibu. Nyingine ni ya nibu ya chuma, nyembamba, inayotanuka ukiikandamiza. Ukiandika kwa ya mwanzi, unene na wembamba wa herufi huja wenyewe, maana ncha ni pana nawe huigeuzi upande wake. Kwa ya chuma unene unautengeneza mwenyewe: mkono ukishuka unakandamiza, ukipanda unalegeza. Mila mbili za mwandiko zilikulia katika tofauti hiyo, na Kiswahili kimeandikwa kwa zote mbili.

Katika mila ya Kiarabu kipimo cha herufi kimo ndani ya kalamu. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliweka kanuni hiyo: nukta moja inayoachwa na ncha ndiyo fimbo ya kupimia, na urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta. Ukichonga kalamu nene, herufi zote zinakua pamoja nayo. Mwandiko wa shule za Ulaya na Marekani uliweka kipimo kwenye karatasi. Mtoto alipewa mistari na kielelezo, akanakili mpaka mkono ukazoea. Ndivyo walivyofundishwa Wamarekani wa karne ya 19 kwa vitabu vya Platt Rogers Spencer, na ndivyo nasi tulivyojaza kurasa za “a” darasa la kwanza.

Lakini kinachonivutia zaidi ni mahali kalamu inapoinuka. Katika hati ya Kiarabu kuunganisha herufi si pambo, ndivyo maandishi yenyewe yalivyo. Kuna herufi sita tu zisizoshikana na inayofuata: alifu, dali, dhali, re, ze na wau. Hapo mkono huinuka, upende usipende. Basi mwandishi ajionyeshe wapi? Katika kuvuta. Kiungo kati ya herufi mbili kinaweza kurefushwa, na mkia wa neno ukaachwa uning'inie chini ya mstari. Katika herufi za Kilatini mambo ni kinyume. Mwalimu anakuamuru usiinue kalamu mpaka neno liishe, ndipo urudi kuweka nukta ya “i”. Ukishakua unaivunja amri hiyo kwa namna yako, na mtu anayekujua anakutambua kwa mivunjo hiyo kabla hajasoma jina.

Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga mbao na mwandishi wa hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Miaka ya 1930 aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, akina William Hichens na Ernst Dammann, na sehemu ya kazi hiyo imehifadhiwa SOAS, London. Nikijua kwamba mkono ulioshika kalamu ile ndio ulioshika patasi, siwezi kutazama mikunjo ya herufi zake bila kuona ubao.

Hati hizo zilimdai msomaji awe mwenyeji. Alama ya irabu iitwayo kasra ilibeba “i” na “e”, ile ya dhuma ikabeba “u” na “o”, na herufi be iliweza kusomeka “b”, “p” au “mb”. Kwa hiyo “bibi” na “pembe” ziliweza kuandikwa sawasawa! Waandishi wa pwani waliongeza alama za kutofautisha, lakini wengi waliandika vivyo hivyo wakiamini kuwa anayesoma anaijua lugha. Herufi za Kilatini, ambazo Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilizisanifia tahajia, ziliondoa utata huo, na siwezi kusema hiyo haikuwa faida. Hata hivyo tuliagana na mwandiko uliomwachia msomaji kazi ya kukamilisha neno kwa sikio lake, nami naona hiyo ni hasara kubwa.

Hasara haikuwa kamili. Baba yangu alisoma chuo cha Kurani kabla ya kuingia shule, na barua zake kwangu, zote kwa herufi za Kilatini na wino wa buluu, zilianza “Ama baada ya salamu”, mlango uleule wa barua za kale za pwani. Herufi zake zililala kulia, zimeshikana, kama alivyofundishwa shuleni. Kwenye sahihi ndipo mkono ulipobadilika. Alipomaliza herufi ya mwisho ya jina hakuinua kalamu. Aliishusha chini ya mstari, akaivuta kurudi nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka mwanzo wa jina, ikawa nyembamba kisha ikaisha.