Herufi na Namba katika Michoro ya Waya za Magari

Sitalike ni kijiji kilicho kusini ya Mpanda, katika njia ya kwenda Sumbawanga, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974. Gari likizimika humo porini, fundi hana wa kumwuliza ila mchoro wa waya, nao huandikwa kwa desturi ya nchi lilikotengenezwa gari hilo. Wafasiri wengi huipita sehemu hiyo kwa kudhani kwamba herufi na namba si lugha. Sisi twaona kuwa ndiyo idaiyo uangalifu kuliko zote.

Tuanze na Land Rover, gari la Uingereza lililoanza kutengenezwa mwaka 1948, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa gari la kawaida la utumishi wa serikali. Vifaa vyake vya umeme vilitoka kampuni ya Lucas. Dainamo ilikuwa na ncha mbili, D iliyotoa umeme na F iliyopeleka umeme kwenye koili za sumaku. E ilikuwa ncha ya bodi. Rangi za waya nazo zilifupishwa: B nyeusi, U buluu, N kahawia. Kwa nini N? Majina ya Kiingereza ya rangi hizo tatu yote huanza kwa B. Nyeusi ikaachiwa B, na mbili zilizobaki zikapewa herufi kutoka ndani ya majina yao. Toyota, ambayo Land Cruiser yake ilikuja baadaye, ilitumia majina hayo hayo ya Kiingereza lakini ikaamua vingine: buluu ni L, kahawia ni BR. Mfasiri anayetamani kuziswahilisha herufi hizi na ajaribu. Kahawia, kijani na kijivu zitagombania K.

Isitoshe, herufi moja hubadili maana kwa kufuata mahali ilipo. Katika mchoro wa Toyota, L kando ya waya ni buluu, bali L kwenye alteneta ni taa ya dashibodi inayoonya kuwa betri haichajiwi. B kando ya waya ni nyeusi. Kwenye alteneta ni betri.

Wajerumani walichagua namba. Kwa kiwango chao cha DIN 72552, ncha 30 hupokea umeme moja kwa moja kutoka betri, 15 hupata umeme ufunguo ukiwashwa, 31 ni bodi, na 50 ni stata. Rilei nyingi, hata za magari yasiyo ya Kijerumani, zimechapwa 85 na 86 kwa koili, na 30 na 87 kwa njia ya umeme mkubwa. Namba hizi ni majina tu: 30 si mara mbili ya 15.

Hatari iko kwenye rangi. Waya wa kahawia wa Kiingereza hutoka betri, na aghalabu haupiti kwenye fyuzi. Waya wa kahawia wa Kijerumani ni wa bodi. Kitabu kikisema tu kwamba waya wa kahawia ufungwe kwenye bodi, bila kutaja gari, fundi wa Land Rover atakayetii ataunguza waya.

Kuhusu E, neno lake la Kiingereza lina maana ya ardhi, na katika umeme wa nyumba ardhi yafaa, kwani fimbo huchimbiwa udongoni. Gari limesimama juu ya mipira. Mafundi husema ethi au bodi, nasi twapendelea bodi, maana laonyesha mahali waya unapofungwa. Hasi haliwezi kushika nafasi yake: Land Rover za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilifungwa chanya kwenye bodi. Upande wa pili mafundi huuita moto, neno linalotosha. Hivyo herufi au namba ibaki kama ilivyochapwa, na Kiswahili kiifuate: ncha 15, moto wa ufunguo.

Limebaki jambo la plagi zenye matundu mengi. Dume na jike vikitazamwa uso kwa uso, namba za mmoja ni kinyume cha mwenziwe, kushoto kuwa kulia. Ndiyo maana chini ya mchoro huandikwa maneno machache kueleza kama plagi imechorwa kwa kutazamwa upande wa waya au upande wa mdomo. Maneno hayo ni madogo, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kuachwa bila kufasiriwa.