Dawa ya Moto ni Moto, Ila kwa Aliyeungua

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Leo natazama historia ya dawa iliyofuata hekima hiyo: chingamu ya nikotini.

Mwaka 1967, nchini Sweden, Claes Lundgren, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Lund, alieleza kwamba mabaharia wa nyambizi, wasioweza kuvuta sigara chini ya maji, hukata kiu yao kwa tumbaku ya kuweka mdomoni. Alimwandikia Ove Fernö wa kampuni ya dawa ya Leo mjini Helsingborg. Fernö, naye mvutaji, akaunda chingamu inayotoa nikotini polepole, bila moshi wala lami. Uswisi iliikubali kuwa dawa mwaka 1978. Marekani ikafuata mwaka 1984, kwa cheti cha daktari.

Dawa hiyo ni njema, na sina ugomvi nayo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Mwaka 1996 Marekani iliruhusu iuzwe bila cheti, lakini si kwa aliye chini ya miaka 18. Sharti hilo lilikuwa na maana. Kwa mvutaji wa siku nyingi, chingamu humpunguzia alichokizoea. Kwa kijana asiyevuta, humwanzishia. Atasikia kichefuchefu na moyo kwenda mbio, kisha mwili utazoea, na ubongo wake ambao bado unakua utaanza kudai zaidi.

Afrika Mashariki nayo imeonja. Mwaka 2019 kampuni ya sigara ya BAT ilileta Kenya vifuko vya nikotini viitwavyo Lyft, vya kubana kati ya ufizi na mdomo. Vilisajiliwa chini ya sheria ya dawa, kana kwamba ni tiba. Mwaka 2020 Mutahi Kagwe, wakati huo Waziri wa Afya, alitamka kuwa usajili huo haukuwa halali, na kwamba bidhaa hiyo ni ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007. Baadaye vifuko vilirudi sokoni kwa jina la Velo.

Nauliza: mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hajavuta hata sigara moja, anatibiwa nini?

Mzazi, ukikuta kikopo cha duara katika mfuko wa sare, usidhani ni peremende, kisome. Nawe mwenye duka, muulize mteja umri wake kabla ya kupokea pesa yake.