Thome ya Wakamba na Jumba la Udugu la Wamarekani Weusi

Makala haya yanalinganisha mahali pawili pa kukutania: jumba la chama cha udugu cha Wamarekani Weusi, na thome ya Wakamba wa Kitui na Makueni. Shabaha ni kuonyesha kwamba chama chaweza kuwa na ngazi, ada na sheria pasipo kuwa na kuta.

Mwaka 1775 mjini Boston, Prince Hall na wenzake 14, watu weusi walio huru, waliingizwa katika Ufrimasoni na askari wa jeshi la Uingereza. Hati ya kuunda chama chao ilitolewa London mwaka 1784. Kutokana nao vilienea vyama vilivyozika wafu na kutunza wajane, na vingi vikajijengea majumba. Katika jumba lao la mtaa wa Auburn, mjini Atlanta, ndimo ilimokuwa ofisi ya jumuiya iliyoundwa mwaka 1957 chini ya uongozi wa Martin Luther King. Jumba hilo lingalipo, na historia yake yasomeka.

Thome nayo ilikuwa uwanja mbele ya boma, penye moto, walipoketi wanaume jioni. Hapo kijana alisikiliza kabla ya kuruhusiwa kusema. Mzee naye hakupanda daraja bure: alilipa ada ya mifugo ndipo akaingia nzama, yaani baraza la kuamua mashauri. Juu zaidi walikuwako wazee wa ithembo, mahali pa kutambikia.

Sheria ya 1902 iliwaweka wakuu wa vijiji walioteuliwa na serikali; tangu 1925 yakafuata mabaraza ya wenyeji chini ya Mkuu wa Wilaya. Nguvu ya nzama ikapungua, na moto wa thome ukafifia.

Lugha yatoa ushahidi. Jina la Kiingereza la chama cha Frimasoni lilikuwa kwanza jina la kibanda cha waashi. Baraza, huko pwani, ni kikalio cha mawe mbele ya nyumba. Kisha likawa mkutano wenyewe, na kwa maana hiyo likaingia Ukambani pamoja na chifu. Hivyo neno la jengo la pwani lilirithi kazi ya uwanja wa bara.

Kwa hiyo, mtunga kamusi akiifasiri thome kwa neno "uwanja" tu, atakuwa ametaja mahali na kukisahau chama. Hapana budi msamiati wa nzama ukusanywe kwa wazee wangali hai, kwani thome haikuacha jengo la kumngojea mwanahistoria.