Malungu, Ntumba na Kitabu cha Shule: Historia ya Ujuzi Huria Ufipa

Historia ya uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, inaonesha kwamba ujuzi hudumu kadiri watu wengi wanavyoruhusiwa kuushika, kuurekebisha na kuurithisha. Kanuni hiyo, ambayo leo inajadiliwa duniani kwa jina la elimu huria, yaani utaratibu wa kuwaachia watu wote vitabu na masomo ili wavisome, wavinakili na wavibadilishe bila kuomba kibali, ilikwishajidhihirisha katika kazi mbili za Wafipa kabla ya shule kufika.

Kazi ya kwanza ni uyeyushaji wa chuma. Wafipa walijenga matanuri ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo cha mita 3 hivi, wakayajaza makaa na mawe yenye madini ya chuma, na moto ukavuta hewa wenyewe kupitia matundu ya chini bila kupulizwa kwa mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo, ndipo kikafuliwa majembe, shoka na mikuki. Vibarua wa kazi hiyo walikuwa wengi, lakini aliyeiongoza alikuwa fundi mkuu, mwenye kikapu cha dawa za tanuri, na siri zake zilirithiwa na wachache. Majembe ya viwandani yalipoenea wakati wa ukoloni, matanuri yakazimwa, na J. A. R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa alipoandika juu ya mafundi hao mwishoni mwa miaka ya 1960, kazi yenyewe ilikuwa imebaki katika kumbukumbu za wazee. Biashara ndiyo iliyoiua kazi. Usiri ndio ulioufanya ujuzi wake ukose warithi.

Kazi ya pili ni kilimo cha ntumba. Kwa kuwa uwanda huo una nyasi nyingi na miti michache, mkulima wa Kifipa hukata nyasi pamoja na udongo wake mvua zinapokaribia kwisha, akazifukia katika vilima vidogo vya mviringo na kupanda maharage juu yake. Nyasi zikiisha kuoza, vilima hubomolewa msimu unaofuata na ulezi hupandwa katika udongo uliorutubika. Ujuzi huo haukuwa na mwenyewe. Mtoto aliupata shambani kwa kushika jembe, jirani aliuiga na kuurekebisha ulingane na udongo wake, na kwa sababu hiyo umevuka utawala wa Wajerumani na wa Waingereza na bado unatumika.

Kitabu cha shule kilifika kwa njia nyingine. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walishika kituo cha Karema mwaka 1885, na kutoka huko misheni na shule zao zikapanda hadi uwandani, zikiwa na vitabu vya dini na vya kusomea vilivyochaguliwa na misheni yenyewe. Baada ya uhuru dola ilichukua nafasi hiyo: sera ya Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, Azimio la Musoma la elimu ya msingi kwa wote likafuata mwaka 1974, mwaka uleule Mkoa wa Rukwa ulipoundwa, na kampeni ya kisomo ikashusha idadi ya watu wazima wasiojua kusoma nchini kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Mwaka 1991 serikali ilianza kuwaachia wachapishaji binafsi kazi ya vitabu vya kiada, yaani vitabu vikuu vya kila somo. Uamuzi huo uliongeza idadi ya vitabu sokoni, lakini Sumbawanga, mji mkubwa wa Ufipa, ilikuwa mbali na soko hilo la Dar es Salaam, na barabara yake ya kwenda Tunduma, takriban kilomita 220, haikuwa na lami hadi miaka ya 2010.

Mwaka 2013 jukumu la vitabu vya kiada lilirudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo baadaye iliweka vitabu vyake katika maktaba mtandao visomwe bila malipo, huku ada ikiwa imefutwa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016. Hizo ni hatua kubwa, ila kusoma bila malipo ni nusu tu ya uhuria. Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, alidai kwamba programu ya kompyuta ni huria pale tu mtumiaji anaporuhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuigawa na kuirekebisha. Kwa ruhusa hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. UNESCO ililipa wazo hilo jina katika elimu mwaka 2002, na mwaka 2019 ikazishauri nchi wanachama kulitekeleza.

Vitabu vya kiada vya Tanzania, hata vinaposomwa bure, bado hubeba tamko la haki zote kuhifadhiwa. Kwa mwalimu wa Ufipa maana yake ni kwamba hana ruhusa ya kuchukua sura ya kilimo, kuiongezea ntumba na michoro yake, kuichapa kwa ajili ya shule za bonde la Ziwa Rukwa zisizo na intaneti na kuwapa walimu wenzake waiendeleze. Vitabu vilivyoandikwa kwa fedha za umma vinastahili leseni inayoruhusu kazi hiyo, kwa maana taifa linalolipia kitabu lina haki ya kukiandika upya.