Kununua ardhi: Hatimiliki si mwisho wa maswali

MTU anayenunua ng'ombe hukabidhiwa kamba akaenda zake. Ardhi haiuzwi hivyo. Sheria ya Kenya haimtambui mnunuzi kuwa mwenye shamba kwa sababu tu amelipa, ameonyeshwa mipaka au hata ameanza kujenga. Umiliki huhama siku jina linapobadilishwa katika rejista ya serikali. Kabla ya siku hiyo, alicho nacho mnunuzi ni ahadi, na ahadi yaweza kubatilika.

Katiba ya 2010 imeigawa ardhi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Inayouzwa kwa kawaida baina ya mtu na mtu ni hii ya tatu. Nayo ni ya namna mbili, yaani inayomilikiwa bila kikomo na inayokodishwa kwa muda maalumu. Asiye raia haruhusiwi kuwa na ardhi ila kwa kukodi, tena kwa kipindi kisichozidi miaka 99. Anayenunua ardhi ya kukodi hununua miaka iliyosalia tu, hivyo hana budi kuuliza ni mingapi na iwapo kodi ya ardhi imelipwa.

Hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi wa rejista, kabla ya shilingi yoyote kutoka mfukoni. Rejista hutaja jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama imewekwa rehani benki au imewekewa zuio. Jijini Nairobi, upekuzi huo ulianza kufanywa kwa mtandao wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Hata hivyo, rejista haionyeshi kila kitu. Haisemi iwapo kuna familia iliyoishi pale kwa zaidi ya miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe, muda ambao sheria humruhusu mkaaji kwenda mahakamani kudai umiliki. Wala haimzuii dalali mjanja kumwonyesha mteja ploti iliyo kando ya barabara huku nambari iliyo kwenye hati ni ya ploti nyingine bondeni. Ndiyo maana mpimaji ardhi huhitajika pamoja na wakili.

Mkataba wa mauzo sharti uandikwe, utiwe saini na pande zote na kushuhudiwa. Kwa desturi mnunuzi hutanguliza asilimia 10 ya bei, na salio hulipwa stakabadhi za uhamisho zinapokuwa tayari. Pesa hizo ni salama zaidi mikononi mwa wakili kuliko mwa muuzaji.

Wengi hujikwaa kwenye idhini. Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na sheria inayosimamia jambo hilo, iliyotungwa 1967, inataka ombi lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu mkataba kufanywa. Pasipo kibali, mauzo ni batili. Mnunuzi ataruhusiwa kudai pesa zake kama deni, wala si shamba. Ni kweli kuwa mahakama zimewahi kuwaokoa baadhi ya wanunuzi waliokuwa wamekalia mashamba kwa miaka mingi, lakini kuutegemea wokovu huo ni kujitakia kesi ndefu. Aidha, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inazuia mali ya wanandoa wa ndoa ya mke mmoja kuuzwa bila idhini ya wote wawili.

Halafu kuna shamba la marehemu, chanzo cha kesi nyingi mashinani. Baba amefariki, hati ingali kwa jina lake, na mmoja wa wana anauza "sehemu yake" ili kulipa karo au madeni. Chifu anashuhudia, wazee wanakula mbuzi, mnunuzi anajenga. Kisheria hakuna kilichouzwa. Chini ya Sheria ya Urithi, mali isiyohamishika ya marehemu haiwezi kuuzwa kabla ya mahakama kuthibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Ndugu wengine wanaweza kujitokeza baadaye na kudai shamba lote, na mara nyingi ndio hushinda.

Idhini zikipatikana, muuzaji hutia saini fomu ya uhamisho na mthamini wa serikali hukadiria thamani. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini na asilimia 2 mashambani. Muuzaji naye hutozwa kodi ya faida ya mauzo, iliyorejeshwa 2015 kwa asilimia 5 na kupandishwa hadi 15 mnamo Januari 2023. Kisha msajili hufuta jina la zamani na kuandika jipya.

Je, hapo mnunuzi amefika? Si lazima. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 huichukulia hati kuwa ushahidi wa awali wa umiliki, lakini inaruhusu ipingwe ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha utaratibu au kwa njia ya ufisadi. Katiba nayo hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Kampuni ya Dina Management iliyaonja makali ya vifungu hivyo. Ilikuwa imenunua kipande cha ardhi ufuoni Nyali, Mombasa, kilichosajiliwa kwanza 1989 kwa jina la Rais Daniel arap Moi na kupitia mikononi mwa kampuni nyingine. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta wake ili kufungua njia ya kwenda baharini. Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kuwa ugawaji ule wa kwanza haukufuata utaratibu, hivyo hati zote zilizozaliwa nao hazikuwa na ulinzi. Kulipa bei kamili na kusajiliwa hakukuisaidia kampuni. Miezi mitano baadaye, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo hiyo ilisema barua ya mgao haimpi mtu umiliki, sembuse uwezo wa kumuuzia mwingine.

Kwa sababu hiyo, wakili makini siku hizi haridhiki na matokeo ya upekuzi yanayotaja mmiliki wa sasa peke yake. Huomba nakala ya kadi ya kijani, inayoonyesha kila mmiliki tangu ardhi ilipoandikishwa. Iwapo jina la kwanza ni la serikali au baraza la mji la zamani, huuliza ardhi ilitengewa nini, nani aliyeigawa, na kwa mamlaka gani.